Tone Nililolifukia

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Nilipokuwa shule ya msingi niliikariri methali hii kama kasuku. Niliipachika katika kila insha, iwe ni ya ajali barabarani au ya harusi ya jirani, na mwalimu hakukosa kunipigia vema. Kumbe sikuwa nimeielewa hata kidogo! Mpenzi msomaji, niliielewa mwaka wa 2023, katika likizo ya Agosti, nikiwa kidato cha kwanza. Aliyenifunza hakuwa mwalimu wa Kiswahili. Ilikuwa mashine ya kulimia shamba.

Nyumbani kwetu ni Taveta, kule mpakani, ambako Mlima Kilimanjaro hujitokeza alfajiri kabla mawingu hayajaufunika. Maji ya mlima hupita chini ya ardhi na kububujika kwetu kama chemchemi, nasi huyaongoza kwa mifereji hadi mashambani. Ndiyo maana hata mwezi wa Agosti, wakati nyika imekauka kau, sisi twaweza kupanda nyanya, vitunguu na mahindi. Udongo wetu ni mweusi na mzito. Ukilowa hushika jembe kama gundi, na ukikauka huwa mgumu kama tofali.

Mama yangu hana trekta wala maksai. Kwa miaka mingi alilima kwa jembe la mkono, yeye na vibarua wawili, na kila jioni alikuwa akijikanda kiuno kwa maji moto. Ndipo yeye na wanawake wenzake wanne wa chama chao walipochanga pesa, wakakopa nyingine, wakanunua mashine ndogo ya kulimia. Walikubaliana wailimie mashamba yao kwanza, kisha waikodishe kwa majirani ili walipe deni. Mama alikuwa mweka hazina, kwa hiyo mashine ililala kwetu, ndani ya banda la kuku lililokuwa halina kuku. Sisi tuliiita trekta ya mkono. Wengine waliiita pawatila, jina lililotoka kwa wenzetu wa Holili, upande wa Tanzania, likavuka mpaka bila kuulizwa pasipoti.

Kwa wale ambao hawajaiona, acha niieleze. Ni injini ya petroli yenye silinda moja, nguvu zake ni za farasi 7, na huwashwa kwa kuvuta kamba. Chini ya injini kuna giabokisi, na kutoka kwenye giabokisi hutokeza mhimili wa chuma kulia na kushoto. Kwenye mhimili huo hufungwa visu vilivyopinda kama herufi L. Mwendeshaji hutembea nyuma akiwa ameshika usukani wenye mikono miwili kama wa baiskeli. Wakati wa kulima haitumii magurudumu. Visu vyenyewe ndivyo miguu yake, huku vikizunguka vikikata udongo na kuusukuma mtambo mbele. Nyuma kabisa kuna chuma kilichochomekwa wima ardhini. Hicho ndicho mkia.

Nimesoma kwamba aliyeanzisha ulimaji wa namna hii ni Arthur Clifford Howard wa Australia. Alianza majaribio yake mwaka wa 1912 katika shamba la baba yake, akiwa kijana. Visu vyake vya kwanza viliurusha udongo kando ovyo ovyo. Hakuficha kasoro hiyo wala hakukata tamaa, bali alivipinda visu vikawa na umbo la L, na mnamo 1920 akapata hataza. Jina lililopewa mashine zake baadaye ni ROTAVATOR. Hebu lisome kutoka kulia kwenda kushoto uone maajabu!

Aliyeiendesha mashine yetu alikuwa kijana wa mtaani kwetu tuliyemwita Dereva, ingawa hajawahi kushika usukani wa gari maishani mwake. Alilipwa kwa kila shamba alilolima. Alikuwa na mke na watoto wawili, mdogo akiwa mchanga wa miezi miwili. Alikuwa mpole, mcheshi, na aliipenda mashine ile kama mboni ya jicho lake. Likizo ilipoanza, Mama aliniambia nimsaidie. Nilifurahi ajabu, maana nilijiona fundi wa siku za usoni.

Siku ya kwanza niliishika mikono ya mashine kwa nguvu zangu zote. Iliruka mbele kama ndama aliyekatika kamba, ikanikokota hatua kama kumi, mguu mmoja ukiwa na kiatu na mwingine bila. Dereva alicheka hadi akashika mbavu.

"Mdogo wangu," aliniambia, "hii kitu haitaki nguvu. Inataka adabu. Usiivute, usiisukume. Iongoze tu."

Akanionyesha. Ikitaka kukimbia, unakandamiza mikono chini ili mkia uzame na kuishika. Ikitaka kujizika mahali pamoja, unainua mikono kidogo ili mkia utoke. Akanifunza pia kwamba huwezi kulima kina chote kwa mpigo mmoja. Unapita mara ya kwanza juu juu kuvunja ganda la udongo, kisha unateremsha mkia, unapita tena, hadi ufikie kina cha sentimita 15 au 20.

Kabla ya kuwasha alichota udongo gao moja, akaufinya, kisha akaugusa kwa kidole. Ulivunjika chenga chenga. "Uko sawa," akasema. "Ungebaki tonge kama ugali, tungerudi nyumbani. Ukilima tope, likikauka utavuna matofali."

Kazi zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kutangulia shambani kabla ya mashine na kuondoa mawe, visiki na kamba. Hapa kamba ndizo kisa chenyewe. Kwetu nyanya hufungwa kwenye vijiti ili zisilale chini. Zamani tulitumia katani au nyuzi za migomba, vitu ambavyo huoza vikawa mbolea. Siku hizi wengi hutumia manila. Mavuno yakiisha, watu hung'oa vijiti wakaacha vipande vya manila udongoni, navyo haviozi. Dereva alinionya mara si moja kwamba vipande hivyo ni adui wa visu.

Kazi yangu ya pili ilikuwa ya jioni. Nilitakiwa kuchomoa waya wa plagi kwanza, ili mashine isije ikawaka mikono yangu ikiwa kwenye visu. Halafu ningekwangua matope, ningekata majani na kamba zilizojizungusha mhimilini, ningekaza bolti za visu, na mwisho ningeinama chini nitazame kama kuna oili inayovuja.

Wiki ya kwanza niliifanya kazi hiyo kwa bidii ya mchwa. Wiki ya pili, siku ya Jumatatu, tulikuwa tulime shamba la mama mmoja wa chama, lililokuwa na nyanya msimu uliopita. Nilitangulia kama kawaida. Jua lilikuwa kali, na kamba zilikuwa nyingi kama nywele za kichwa. Nikaokota za nusu shamba. Nusu iliyobaki niliitazama kwa macho tu, nikakaa chini ya mgomba nikala muwa.

"Shamba ni safi?" Dereva akaniuliza alipofika.

"Safi kabisa, Kaka," nikamjibu bila kupepesa jicho.

Jioni yake kulikuwa na mechi uwanjani. Nilikwangua matope harakaharaka. Niliona kamba za buluu zimejikaza mhimilini, karibu sana na giabokisi, mahali ambapo kisu changu hakingefika bila kuvitoa visu vya mashine. Kuvitoa kungenichukua nusu saa. Nikajiambia, "Nitazitoa kesho." Kesho ilipofika nikasema vivyo hivyo.

Jumanne jioni niliona tone. Lilikuwa jeusi, limeingia vumbini chini ya giabokisi, upana wake kama sarafu ya shilingi kumi. Nililitazama kwa muda. Nilijua lilikotoka. Nilijua pia kwamba nikimwambia Dereva, atauliza kamba zile zimetoka wapi, na nitakuwa nimesema uongo. Basi nikapeleka mguu mbele, nikalifukia kwa vumbi. Jumatano lilikuwa kubwa kama kifuniko cha kikombe. Nikalifukia pia.

Alhamisi asubuhi Dereva alikuja mbio, maana shamba la kukodishwa siku hiyo lilikuwa mbali na mwenyewe alikuwa na haraka. Alichomoa kijiti cha oili ya injini, akakipangusa, akakirudisha, akakitoa tena, akaona oili iko sawa. Kisha akaniuliza, "Huko chini je? Umeangalia?"

"Nimeangalia. Kila kitu sawa."

Hata sasa naandika maneno hayo mkono ukisita.

Ilipofika saa nne hivi, mlio wa mashine ulibadilika. Ulianza kulia kama mtu anayesaga mawe. Nikanusa harufu ya chuma kilichoungua. Dereva aliachia klachi, lakini kabla hajazima injini tulisikia mshindo, kaa! Visu vikasimama papo hapo. Alipojaribu kuvizungusha kwa mkono baadaye, havikutikisika. Aliweka kiganja juu ya giabokisi akakiondoa haraka, maana ilikuwa ya moto kama kaango. Alikaa kwenye tuta, mikono kichwani, asiseme neno. Nami nilisimama kando, nimekauka kama gogo.

Fundi aliletwa kesho yake kutoka mjini. Wanawake wote watano walikuja, wakaketi kwenye mkeka chini ya mwembe wetu. Fundi alivitoa visu, akachukua koleo, akaanza kuvuta manila kutoka kwenye mhimili. Ilitoka, ikatoka, ikatoka tena. Ilikuwa imejikaza kama uzi kwenye bobini ya cherehani.

"Mnaona, akina mama," akasema. "Hapa mhimili unapotokea pana mpira unaozuia oili isimwagike. Sisi twauita oili sili. Hii kamba imeukata. Oili imetoka polepole, giabokisi ikabaki kavu, vyuma vikasagana vyenyewe kwa vyenyewe. Beringi imekwisha, gia mbili zimekatika meno."

"Imemwagika yote jana?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana, mama. Hii ni kazi ya siku tatu, nne. Mtu alikuwa anaona."

Mtu alikuwa anaona! Maneno yale yalinipenya kama msumari. Kukawa kimya kama maji mtungini. Mwenyekiti akamgeukia Dereva.

"Mwanangu, tulikukabidhi wewe. Ulikuwa unaona?"

Dereva alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, wala hakunikazia macho. Alinitazama tu, kama mtu anayesubiri. Nikainamisha kichwa, nikaanza kuchora vumbini kwa kidole cha mguu, mguu ule ule. Baada ya kitambo akasema, "Mashine ilikuwa mkononi mwangu, mama. Lawama ni yangu."

Siku hiyo hiyo aliachishwa kazi. Gharama ya gia na beringi ilimeza pesa zote ambazo chama kilikuwa kimeweka kwa ajili ya mbegu na mbolea. Mama mmoja alisema kwa sauti kwamba huenda Dereva aliiuza ile oili. Wenzake hawakumpinga. Nami nilikuwapo, nikiwapa chai.

Nilirudi shuleni muhula wa tatu. Kama bahati, au kama adhabu, mwalimu wetu alitupa insha: tuandike kisa cha kuthibitisha methali ya mdharau mwiba. Niliandika juu ya mvulana aliyechomwa mwiba akienda kisimani. Nikapata alama 16 kwa 20, na insha ikasomwa mbele ya darasa. Wenzangu walinipigia makofi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Novemba tulifunga shule. Mvua za El Nino za mwisho wa mwaka ule wa 2023 zilikuwa zikinyesha usiku na mchana. Mashamba yalijaa maji, mashine ilikuwa imetengenezwa lakini haikuwa na kazi. Siku moja Mama alinituma sokoni. Njia ilikuwa tope tupu. Mbele yangu nilimwona mtu akisukuma mkokoteni uliojaa mikungu ya ndizi, magurudumu yamezama, naye amepiga goti moja matopeni akiuinua kwa bega. Nikakimbia kumsaidia. Alipogeuka, alikuwa Dereva.

Amekonda. Shati lake lilikuwa limechanika begani, pale mkokoteni unapokaa. Lakini uso ulikunjuka kwa tabasamu.

"Ah, mwanafunzi! Mmefunga lini? Mama hajambo?"

"Hajambo, Kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Na mashine inaendeleaje?"

Nikashindwa kujibu. Yeye akaendelea, huku akipangusa jasho: "Mvua hizi, itakaa siku nyingi bila kazi. Mwambie Mama afunge bomba la petroli, aiwashe iache izime yenyewe, ili kabureta ibaki kavu. Petroli ikikaa humo inaganda kama gundi. Mtaivuta ile kamba hadi mkono ung'oke."

Fikiria, msomaji. Mtu aliyenyang'anywa kazi kwa sababu ya ile mashine, aliyetukanwa kuwa mwizi wa oili, ndiye aliyekuwa akiihurumia kabureta yake. Nilimsaidia kuutoa mkokoteni, nikageuka nyuma, nikaenda zangu. Sikununua chochote sokoni. Njia nzima machozi yalinitiririka, na mvua ikanisaidia kuyaficha.

Nilimkuta Mama jikoni akichambua maharagwe. Nikamwambia yote, tangu nusu shamba nililoliacha hadi mguu uliofukia tone. Nilitazamia kofi. Mama hakunipiga. Aliendelea kuchambua maharagwe yale, moja moja, hadi ungo ukaisha. Kisha akasema, "Kesho ni siku ya chama. Utayasema haya mbele ya wenzangu. Mimi siwezi kukusemea."

Sijawahi kusimama mbele ya wasikilizaji wagumu kama wale watano, hata katika mashindano ya midahalo. Nilisema nikitetemeka kama unyasi. Nilipomaliza, yule mama aliyesema oili iliuzwa alijifunika uso kwa leso. Mwenyekiti akashusha pumzi, akasema, "Tumemnyima mtu unga miezi mitatu." Wakasimama wote, wakajitanda leso zao, tukaenda kwa Dereva papo hapo katika mvua, mimi nikiwa mbele.

Dereva alitukaribisha ndani. Nilipiga magoti, nikamwomba msamaha. Aliniinua.

"Nilijua tangu Fundi alipovuta ile kamba," akasema. "Shamba lile wewe ndiye uliyeniambia ni safi."

"Mbona basi hukusema, Kaka?"

"Ningesema, ungekana. Mbele ya wenzake, mama yako angemwamini nani? Nilikungoja useme mwenyewe. Kinywa kilikuwa chako." Akanyamaza kidogo. "Na mimi pia nina langu. Mwendeshaji hamwulizi mtu kama mashine iko sawa. Huinama akatazama kwa macho yake. Siku ile niliuliza, sikuinama."

Akina mama walimwomba arudi, wakamwongezea malipo kidogo kwa kila shamba. Alirudi mwezi wa Januari 2024, baada ya kumaliza deni la mkokoteni. Mimi niliuza mbuzi wangu, yule niliyepewa na babu nilipofaulu mtihani, na pesa zikaingia kwenye sanduku la chama. Hazikutosha hata nusu ya gharama. Mke wa Dereva hakuitikia salamu yangu siku ile tulipokwenda. Siku hizi huitikia, lakini kwa ufupi. Simlaumu. Yeye ndiye aliyekuwa akihesabu vipimo vya unga.

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, najua wengi wenu kwenu mna mashine kama hii, au ya kusaga nafaka, au ya kuvuta maji. Acha niwaachie machache niliyofunzwa na Dereva na yule Fundi, ili msiuze mbuzi.

Kwanza, pima oili ya injini kila asubuhi, mashine ikiwa mahali tambarare, kabla ya kuvuta kamba. Injini kama yetu hubeba takriban lita 0.6 tu, kwa hiyo ikipungua kidogo imepungua sana. Mashine ikiwa mpya, oili ya kwanza hubadilishwa baada ya saa 20 za kazi, na baadaye kila saa 100. Penye vumbi jingi, usingoje saa hizo zitimie.

Pili, usisahau giabokisi. Oili yake ni mbali na ya injini, ina kifuniko chake na kipimo chake. Wengi hupima ya juu wakaisahau ya chini, kama tulivyoisahau sisi.

Tatu, chujio la hewa ndilo pua ya injini. Sponji yake ioshwe kwa maji ya sabuni, ikaushwe kabisa, itiwe oili kidogo, ikamuliwe, ndipo irudishwe. Injini inayovuta vumbi hujisaga yenyewe kwa ndani.

Nne, usitie petroli injini ikiwa inawaka au ingali ya moto. Na usipeleke mkono kwenye visu kabla ya kuchomoa waya wa plagi, hata kama ni jani moja tu unaloliondoa. Wala usivae viatu vya wazi. Mimi nilikokotwa na kiatu kimoja, nikapona kwa bahati tu.

Tano, visu vikifungwa upya, makali yaangalie mbele, na vya kushoto visihamishiwe kulia. Ukivichanganya, mashine itarukaruka juu ya udongo na isilime.

Sita, usilime kupita kiasi. Udongo uliosagwa ukawa kama unga hugandamana mvua ya kwanza ikinyesha. Na ukilima kila msimu kwa kina kile kile, chini yake hutengenezeka tabaka gumu ambalo mizizi na maji hushindwa kulipenya.

La saba ndilo nililolinunua kwa bei ghali, na halimo katika kitabu cha mashine. Mashine haisemi uongo. Inapougua hutoa dalili ndogo mapema: tone, mlio, harufu. Mwenye kusema uongo ni mtu anayepeleka mguu mbele. Tone lile lingesemwa Jumanne, tungenunua mpira mmoja mdogo na oili kidogo, na mimi ningekaripiwa dakika tano. Nililifukia, nalo likaota gia mbili, mbegu za kina mama watano, na unga wa watoto wawili wa mtu.

Nikienda nyumbani likizo, kazi ya jioni bado ni yangu. Dereva hakuninyang'anya. Nikishamaliza kuisafisha mashine na kuzikata kamba zote, hata zile zinazotaka visu vitolewe, huwa natandika gazeti kuukuu chini ya giabokisi. Asubuhi Dereva akija, haniulizi kama nimeangalia. Tunainama wote wawili, tunalivuta gazeti lile, tunalitazama.